Jaji Isaac Parker wa Fort Smith: naomba kunyooshewa tarehe, mamlaka na hesabu za walionyongwa

KalamuYaMkaa (mleta mada)

Wakuu, naandika wasifu mfupi wa Jaji Isaac C. Parker, aliyekalia kiti cha mahakama ya shirikisho pale Fort Smith, Arkansas, kuanzia 1875 hadi 1896. Habari zake zimejaa kila kona, lakini nyingi ni za vitanzi na majambazi. Mimi nataka kazi yake kama jaji. Nimekwama sehemu nne:

1. Wengine wanaandika kwamba Rais Grant alimteua awe Jaji Mkuu wa Utah. Wengine Utah hawaigusi kabisa. Nani yuko sahihi?
2. Mahakama yake mara inaitwa ya wilaya, mara ya mzunguko. Alikuwa jaji wa ipi?
3. Walionyongwa: nimekuta 160, nimekuta 86, nimekuta 79.
4. Miaka kumi na kitu hakuna rufaa hata moja, halafu baada ya 1890 hukumu zake zinatenguliwa mfululizo. Alibadilika yeye au ilibadilika sheria?

Kama kuna mtego mwingine ambao sijauona, niambieni kabla sijachapisha.

HatiNaMuhuri

Nianze na Utah maana ndiyo nyepesi. Wote wako sahihi, ila kila mmoja kashika kipande chake. Grant alimpendekeza kwanza kwa kiti cha Jaji Mkuu wa Utah. Parker mwenyewe akaomba apelekwe Arkansas magharibi, Grant akakubali. Utah hakuwahi kukalia kiti, kwa hiyo usimwandike "aliyekuwa Jaji Mkuu wa Utah".

Usione tofauti ya viti hivyo viwili ni ndogo. Utah wakati huo haikuwa jimbo, ilikuwa eneo chini ya serikali kuu, na majaji wa maeneo ya namna hiyo walipewa kipindi cha miaka minne. Kiti cha Arkansas magharibi kilikuwa chini ya Ibara ya Tatu ya Katiba: jaji anakaa maadamu mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Utah cheo kilikuwa na jina kubwa zaidi, lakini usalama wa kazi ulikuwa Fort Smith.

Mfululizo wake kabla ya hapo: amezaliwa 15 Oktoba 1838, Belmont County, Ohio. Amekubaliwa kuwa wakili 1859, akahamia St. Joseph, Missouri. Akawa mwanasheria wa mji huo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1864 alikuwa mmoja wa wajumbe wa Missouri waliompigia Lincoln kura ya urais. Kuanzia 1868 hadi 1870 alikuwa jaji wa mahakama ya mzunguko ya jimbo la Missouri, kisha akaingia Baraza la Wawakilishi kwa mihula miwili, Machi 1871 hadi Machi 1875, kwa tiketi ya Republican.

Hapo kuna mtego wako wa tano: mahakama ya mzunguko ya Missouri ni ya jimbo. Haihusiani kabisa na mahakama za mzunguko za shirikisho unazoziulizia kwenye swali la pili. Wapo wanaosoma "jaji wa mzunguko 1868" wakamhesabia miaka miwili ya ziada ya ujaji wa shirikisho.

Sasa tarehe za uteuzi wenyewe. Jina lake lilipelekwa Seneti 18 Machi 1875. Seneti ikamthibitisha 19 Machi, na hati ya uteuzi ikatoka siku hiyo hiyo. Aliwasili Fort Smith 4 Mei, akafungua kikao cha kwanza 10 Mei. Ukiulizwa alianza lini, jibu la kumbukumbu rasmi ni tarehe ya hati, yaani 19 Machi. Tarehe ya 10 Mei iandike tu kama siku aliyoanza kusikiliza kesi.

Kiti kilikuwa wazi kwa sababu aliyemtangulia, William Story, alijiuzulu 1874 baada ya Congress (Bunge la Marekani) kuanza kuchunguza mambo ya mahakama ile. Kwa hiyo Parker hakupokea mahakama mpya. Alipokea mahakama yenye jina bovu, kesi zilizorundikana na mahabusu waliojaa kwenye vyumba viwili chini ya kambi ya zamani ya jeshi, ambayo juu yake ndiko chumba cha mahakama kilikokuwa.

Mizani2

Swali la pili ndilo linalobeba la nne, kwa hiyo nalichukua taratibu.

Kwanza neno "wilaya" litawapoteza wasomaji wako. Hapa si kitengo cha utawala. Ni kipande cha nchi alichopewa jaji wa shirikisho, na kinaweza kuwa jimbo zima au nusu yake. Arkansas iligawanywa mashariki na magharibi mwaka 1851. Mwaka 1871 upande wa magharibi ukapata jaji wake peke yake, na mahakama ikahamishwa kutoka Van Buren kwenda Fort Smith ng'ambo ya mto. Andika mara moja mwanzoni kwamba "wilaya" ni eneo la kimahakama, kisha endelea.

Pili, karne ya 19 shirikisho lilikuwa na mahakama mbili za kusikiliza kesi kwa mara ya kwanza, zilizokaa bega kwa bega. Mahakama ya wilaya ilichukua makosa madogo na kesi za meli. Mahakama ya mzunguko ilichukua kesi kubwa za madai na makosa yenye adhabu ya kifo. Ya mzunguko ilikaliwa na jaji wa wilaya pamoja na jaji wa mzunguko, au jaji wa Mahakama ya Juu akipita. Wilaya chache za pembezoni hazikupangiwa mahakama ya mzunguko. Badala yake mahakama ya wilaya ilipewa na sheria mamlaka ya mzunguko. Fort Smith ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo Parker alikuwa jaji wa wilaya, basi. Lakini hadi 1889 mahakama yake ilifanya kazi zote mbili, na kesi za kifo alizisikiliza peke yake.

Ona basi matokeo yake. Kwa sheria ya wakati ule, hukumu ya jinai ya mahakama ya mzunguko haikuwa na rufaa ya kawaida kwenda Mahakama ya Juu. Mlango uliokuwepo ni mmoja: majaji wawili waliokaa pamoja wakitofautiana juu ya hoja ya sheria, waliiandika hoja hiyo na kuipeleka Mahakama ya Juu iamuliwe. Sasa jaji aliyekaa peke yake atatofautiana na nani? Mlango huo Fort Smith haukuwepo. Aliyehukumiwa kifo alibaki na Rais wa Marekani tu, amsamehe au ampunguzie adhabu. Ndiyo maana katika mafaili ya miaka ile barua za kuomba huruma zinakwenda Washington, hakuna rufaa.

Sheria ya 6 Februari 1889 ilibadili yote mawili kwa mpigo. Iliondoa mamlaka ya mzunguko kwenye mahakama za wilaya za namna ile, na ikafungua njia ya kupeleka hukumu ya kifo Mahakama ya Juu ipitiwe makosa ya kisheria. Makosa ya kisheria tu: ushahidi haukusikilizwa upya. Mwaka 1891 njia hiyo ikapanuliwa hadi makosa mengine mazito. Jibu fupi la swali lako la nne: iliyobadilika ni sheria. Namna ya Parker ya kuendesha kesi ilibaki ile ile, na hapo ndipo tatizo lake lilipoanzia.

Jambo la mwisho kwangu ni nani aliyeweza kushtakiwa pale. Mahakama ilihudumia kaunti za Arkansas magharibi pamoja na Indian Territory, nchi ya mataifa ya Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole na wengine. Mataifa hayo yalikuwa na mahakama zao. Mshtakiwa na aliyetendewa kosa wakiwa wote ni wananchi wa mataifa hayo kwa asili, kesi haikuwa ya Parker. Mmoja wao akiwa mtu wa nje, ilikuwa yake. Kwa hiyo mwendesha mashtaka alipaswa kuthibitisha asili ya watu kabla hajafika kwenye kosa. Mwaka 1879, kwenye shauri la Ex parte Reynolds, Parker aliamua kwamba mtoto wa ndoa hufuata hadhi ya baba. Shauri la Alberty la 1896 linaonyesha jinsi jambo lilivyokuwa gumu: Mahakama ya Juu ilibidi ijadili hadhi ya marehemu aliyezaliwa nje ya ndoa, baba Mchoctaw na mama mweusi, ikamhesabu kwa upande wa mama. Ukiandika "alihukumu Wamarekani wa asili" bila maelezo haya utakuwa umepotosha.

Ndururu

Hesabu. Zinazorudiwa kwa mahakama ya Parker, miaka 21, ni hizi: kesi 13,490. Waliopatikana na hatia au kukiri, 9,454. Kesi za makosa ya kifo, 344. Waliohukumiwa kifo, 160. Walionyongwa, 79.

Hiyo 86 nayo ni halali, ila inahesabu kitu kingine: wote walionyongwa Fort Smith kwa amri ya mahakama ya shirikisho kuanzia 1873 hadi 1896. Saba kati yao si wa Parker, ni wa wakati wa Story. Anayeandika "Parker alinyonga 86" kambebesha mtu mzigo wa mwenzake. Na anayeandika "alinyonga 160" kachanganya hukumu na utekelezaji. Katikati ya hapo kuna waliopunguziwa adhabu na Rais, waliotenguliwa hukumu, na waliofia gerezani.

Mfano wa karibu ni kikao chake cha kwanza kabisa. Watu 18 walishtakiwa kwa mauaji, 15 wakapatikana na hatia. Wanane wakapangiwa kunyongwa 3 Septemba 1875. Mmoja aliuawa akijaribu kutoroka. Mwingine alipunguziwa adhabu hadi kifungo cha maisha kwa sababu ya umri wake mdogo. Siku yenyewe wakapanda jukwaani sita, wakanyongwa kwa pamoja. Siku ile moja ndiyo iliyompa jina lililomfuata maisha yote. Lakini hesabu inaonyesha vizuri: 15, kisha 8, kisha 6: waliopatikana na hatia si wote walionyongwa.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wengi wanaliruka. Kwa sheria ya shirikisho ya wakati ule, kosa la mauaji ya kukusudia na la ubakaji lilikuwa na adhabu moja tu, kifo. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, ikishasema "ana hatia", jaji hana namba nyingine ya kuchagua. Ruhusa ya juri kuongeza maneno "bila adhabu ya kifo" ilikuja na sheria ya 15 Januari 1897, Parker akiwa ameshafariki. Kwa hiyo ukitaka kumpima kwa ukali usimpime kwa hukumu za kifo. Mpime kwa maelekezo aliyoyatoa kwa juri kabla haijaingia chumbani.

Piga hesabu nyingine: 344 kati ya 13,490 ni kama kesi mbili na nusu kwa kila mia. Zilizobaki ni wizi wa farasi, pombe iliyoingizwa Indian Territory, ukataji wa mbao, kujeruhi. Belle Starr, ambaye jina lake linauza vitabu hadi leo, mwaka 1883 alifungwa na Parker kwa wizi wa farasi. Na usisahau shauri la David Payne, aliyeongoza walowezi kuvamia ardhi za Oklahoma kabla hazijafunguliwa. Mwaka 1881 Parker alikataa hoja yake kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma na yeyote aweza kujikatia kiwanja. Akamtoza faini ya dola 1,000. Payne hakuwa na mali ya kukamata, faini haikulipika. Kwa maoni yangu shauri hilo linaeleza kazi ya Parker vizuri kuliko kunyongwa kwa watu sita.

MchuziWaSheria

Naingia kwenye zilizotenguliwa. Kesi za kifo zilizokwenda Mahakama ya Juu kutoka kwake, zaidi ya nusu zilirudishwa. Makosa yalikuwa yanajirudia, unaweza kuyapanga kwenye mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ushahidi. Shauri la Alexander, 1891, lilirudishwa kwa sababu yaliyosemwa kati ya mshtakiwa na wakili aliyekwenda kumtaka ushauri yaliruhusiwa kutolewa kama ushahidi dhidi yake.

La pili ni lugha ya jaji mwenyewe. Jaji wa shirikisho aliruhusiwa kutoa maoni juu ya ushahidi mbele ya juri, mradi awaachie wao uamuzi. Parker alikuwa na maelekezo marefu mno, yenye mahubiri ndani yake. Kwenye shauri la Henry Starr, 1894, Jaji Mkuu Fuller aliona maneno ya Parker yamemwelemea mshtakiwa kupita kiasi, hukumu ikatenguliwa. Fungu dogo la humo humo ni kukimbia. Parker aliifundisha juri kuona kukimbia kwa mshtakiwa kama ushahidi mzito wa hatia. Mahakama ya Juu ilimkatalia zaidi ya mara moja, kwenye Hickory na kwenye Alberty, mwaka 1896. Kwenye Alberty ilisema wazi kwamba ile mithali ya "waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu" si kanuni ya sheria ya jinai. Mtu asiye na kosa naye hukimbia, kwa hofu au kwa aibu.

La tatu ndilo tajiri zaidi: kujihami. Chukua shauri la Beard, 1895, ulitazame kwa karibu. Ugomvi ulikuwa wa ng'ombe mmoja. Ndugu watatu wa ukoo wa Jones walifika shambani kwa Beard kumchukua ng'ombe ambaye Beard alisema hawana haki ya kumwondoa. Beard alirudi nyumbani na bunduki yake, ambayo alikuwa na kawaida ya kuibeba akitoka. Akapita nyumbani, akaenda hadi kwenye uwanja wa miti ya matunda, hatua hamsini au sitini hivi kutoka mlangoni. Will Jones akamjia kwa hasira, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni kana kwamba anatoa silaha. Beard hakufyatua risasi. Alimpiga kichwani kwa bunduki yenyewe, na jeraha hilo likamuua.

Parker aliielekeza juri kwamba nje ya nyumba mtu anapaswa kurudi nyuma kama anaweza kuepuka kuua, na kwamba haki ya kusimama imara ni ya aliye ndani ya makazi yake. Juri ikampata Beard na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miaka minane na faini ya dola 500. Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Harlan, ikasema sivyo: aliyeshambuliwa akiwa kwenye eneo lake, mahali alipo na haki ya kuwapo, bila yeye kuanzisha ugomvi, halazimiki kurudi nyuma. Hatua hamsini kutoka mlangoni bado ni kwake. Sentensi moja ya maelekezo, na kesi nzima inarudi mwanzo.

Usiandike hata hivyo kwamba kila kitu chake kilianguka. Hukumu ya Crawford Goldsby, aliyeitwa Cherokee Bill, ilisimama Desemba 1895, akanyongwa 17 Machi 1896. Na kuna Allen. Shauri hilo lilikwenda Mahakama ya Juu mara tatu. Mara mbili, 1893 na 1895, lilirudishwa. Mara ya tatu, 7 Desemba 1896, siku ishirini baada ya Parker kufariki, hukumu ikathibitishwa, pamoja na maelekezo yaliyotolewa kwa juri iliyokwama: kwamba wachache wanaosita wajiulize kama shaka yao ina msingi, ikiwa wenzao wengi, waliosikia ushahidi ule ule kwa uaminifu ule ule, hawakuiona. Maneno hayo hayakutungwa Fort Smith, yalitoka kwenye shauri la Massachusetts la 1851. Lakini mahakama za Marekani hadi leo huyaita maelekezo ya Allen. Jaji aliyetenguliwa kuliko wenzake ndiye aliyeacha maelekezo yanayotajwa kuliko ya wenzake.

KalamuYaMkaa

Shukrani wakuu, nimepata kuliko nilivyotarajia. La nyongeza: nimeandika kwamba "Parker aliajiri manaibu marshali 200 kulinda Indian Territory". Niache? Na mshahara wake ulikuwa kiasi gani?

Ndururu

Toa hiyo. Jaji hakuwa mwajiri wa manaibu. Marshali, ofisa wa shirikisho wa kutekeleza amri za mahakama, ndiye aliyewaajiri, naye aliteuliwa na Rais. Mwaka 1875 marshali alikuwa James F. Fagan, aliyewahi kuwa jenerali wa upande wa Kusini vitani. Mwendesha mashtaka aliyekaa muda mrefu na Parker alikuwa William H. H. Clayton, naye mteule wa Rais. Jaji, marshali na mwendesha mashtaka ni ofisi tatu tofauti. Na ile 200 usiing'ang'anie, idadi ya manaibu ilipanda na kushuka kila mwaka.

Mshahara wa Parker ulikuwa dola 3,500 kwa mwaka. Mwaka 1891 majaji wote wa wilaya walipandishwa hadi dola 5,000. Manaibu wa marshali hawakuwa na mshahara, walilipwa kwa kazi: ada ya kufikisha hati, senti 6 kwa maili ya safari, na marshali alikata fungu lake humo humo. Mtuhumiwa akifa mikononi mwa naibu, ada ya kumfikisha imekwenda. Ukitaka kumtaja Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani akawa naibu maarufu wa mahakama ile, mtaje hapa, kwenye malipo. Inaeleweka zaidi kwa nini alikusanya watuhumiwa wengi kwenye safari moja kabla ya kurudi Fort Smith.

HatiNaMuhuri

Mwisho wa kazi yake nao una mtego. Wengi wanaandika "mahakama ilifungwa 1896". Haikufungwa. Ilichopoteza ni Indian Territory, tena kwa vipande:

1883, sehemu za magharibi na kaskazini zilipewa mahakama za Texas na Kansas. Machi 1889 ikaanzishwa mahakama ya Muskogee, ndani ya Indian Territory kwenyewe, bila mamlaka ya kesi za kifo, na kipande cha kusini kikaenda Paris, Texas. Mwaka 1890 Oklahoma Territory ikaundwa na mahakama zake. Sheria ya 1 Machi 1895 ikamaliza kilichobaki, mwisho ukiwa 1 Septemba 1896. Wilaya ya Magharibi ya Arkansas yenyewe ipo mpaka leo. Parker aliendelea kuwa jaji wa kaunti za Arkansas.

Kikao cha Agosti 1896 kilifunguliwa yeye akiwa kitandani kwa ugonjwa wa figo. Alifariki 17 Novemba 1896, akazikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Fort Smith. Kwa sheria ya 1869, jaji aliweza kujiuzulu na kuendelea kulipwa mshahara wote akifikisha miaka 70 na miaka 10 ya utumishi. Yeye alikuwa na 58. Utumishi alikuwa nao mara mbili, umri hakuwa nao. Rais Cleveland akamweka John Henry Rogers mahali pake.

KalamuYaMkaa

Hii hapa aya yangu ya kwanza, pigeni nyundo:

"Isaac C. Parker (1838–1896) alikuwa jaji wa Mahakama ya Wilaya ya Magharibi ya Arkansas tangu 10 Mei 1875 hadi alipostaafu 1896. Kabla ya hapo alikuwa jaji wa mzunguko na mbunge. Aliwahukumu kifo watu 160, na kwa kuwa hakuruhusu rufaa hadi 1889, wengi wao walinyongwa."

Mizani2

Nyundo nne. Weka 19 Machi 1875, si 10 Mei. Hakustaafu, alifariki akiwa kazini. "Jaji wa mzunguko" ongeza "wa jimbo la Missouri". Na sentensi ya mwisho ibomoe: rufaa hakuizuia yeye, haikuwepo kisheria. Halafu "wengi wao walinyongwa" si kweli kwa hesabu alizokupa Ndururu, 79 kati ya 160 haifiki hata nusu.